Samaki Waliopimwa Mgongoni

Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Rwezamenyo, Kigali, na futi yake ya kitambaa hakuivua shingoni hata siku ya kwenda ziwani. Wenzake walibeba redio na miwani ya jua; yeye alibeba mishipi, ndoana, kopo la minyoo na hiyo futi ya njano, ambayo mwenyewe aliiita metere. Mama alikuwa akimtania kwamba anaswali huku anampima mabega aliye safu ya mbele. Baba hakukataa. Alisema tu kwamba mabega mengi ya safu ya mbele yameshonwa vibaya.

Jumapili alifunga duka, tukatoka mimi na yeye alfajiri, tukapanda basi la kuelekea Rwamagana, tukashuka njiani na kuteremka kwa miguu mpaka ziwa Muhazi. Nakumbuka umande ukinilowesha viatu, moshi wa mkaratusi kutoka majikoni, na baba mbele yangu akienda haraka kama mtu aliyechelewa miadi. Nilikuwa na miaka minane nilipoanza kufuatana naye. Leo ningetoa chochote nirudishiwe ile njia ya matope na mgongo wake mbele yangu.

Sisi tuliovua pale kwa mshipi hatukuwa wavuvi. Tulikuwa watu wa mjini: mwalimu, dereva wa lori, karani mmoja aliyekuja na kiti chake cha kukunja, na sisi wawili. Samaki tuliwala nyumbani, hatukuuza hata mmoja. Wavuvi wenyewe, wenye mitumbwi na ushirika wao, walituvumilia kwa sharti kwamba sheria zinazowabana wao zitubane na sisi. Ziwa likifungwa ili samaki wazae, mshipi usiguse maji. Vyandarua marufuku. Tilapia aliyebeba vifaranga mdomoni arudishwe hapo hapo. Na asiyefika sentimita ishirini na tano, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, aachwe akakue, maana huyo hajazaa hata mara moja.

Baba alizihifadhi sheria hizo kama Alhamdu, na alikuwa mkali kuliko ushirika wenyewe. Siku moja alimwona karani akimtumbukiza samaki kwenye ndoo haraka haraka.

"Bwana mkubwa, huyo iko mtoto," baba akamwambia. "Rudisha."

"Muzee, huyu ni mkubwa, si unamwona."

"Macho inadanganya. Metere haidanganyi. Lete hapa."

Karani akamleta, na baba akampima. Hapa lazima nieleze vizuri alivyopima, maana kisa chote kiko hapo. Alimlaza samaki gotini, akabana mwanzo wa futi kwenye mdomo kwa kidole gumba, akaipitisha juu ya kichwa, akaipandisha kwenye nundu ya mgongo, akaiteremsha taratibu mpaka mwisho wa mkia, akiisukuma ishike mwili bila kuacha nafasi. Ndivyo alivyowapima wateja wa kanzu. Mzee mwenye kibyongo, alinifundisha, ukimpima hewani kanzu itapanda nyuma. Lazima futi ifuate mwili. Sidhani kama kulikuwa na fundi cherehani Rwezamenyo nzima ambaye angempima kiumbe yeyote vinginevyo.

Samaki wa karani hakufika hata kwa kipimo hicho. Baba akamrudisha majini mwenyewe, akamwambia, "Nenda ukakue," kwa sauti ileile aliyowaambia watoto waliojaribishwa sare za shule. Karani alinuna mpaka saa sita. Lakini habari zilienea, na baada ya miezi michache kila aliyevua kwa mshipi upande ule alimleta samaki wake kwa baba kabla ya kumtia ndooni. Hata mlinzi wa ushirika, aliyekuwa akipita na baiskeli kukagua, aliacha kufungua ndoo zetu. Kama Muzee amepima, alisema, mimi nitafute nini tena.

Jioni mama aliwapika hao samaki kwa nyanya nyingi na ndimu, na ugali wa muhogo pembeni. Kichwa kilikuwa changu. Baba alinawa, akasema bismillahi, akatutangazia kwamba mezani hapa hamna samaki hata mmoja ambaye hakufika kipimo. Alisema hivyo kila Jumapili, nasi tulikula kwa raha ya watu wasiodaiwa chochote na ziwa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na najua si kwa sababu ya ndimu.

Miaka ikaenda. Mimi sikushika sindano. Nilikwenda Gisozi, kwenye karakana za Agakiriro, nikajifunza useremala. Watu walimshangaa baba kumruhusu binti yake kushika msumeno. Yeye aliwajibu kwamba maadamu napima kabla ya kukata, hana neno. Jumapili zetu hatukuziacha. Tulichokiona tu ni kwamba samaki walizidi kupungua, na baba kila tuliporudi na wawili au na mmoja aliwalaani watu wa vyandarua. Aliwalaani kwa dhati, barabara nzima mpaka Kigali.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Uzi haukuingia tena tunduni, cherehani ikahamia kwa binamu yangu, duka likachukuliwa na muuza simu. Alishinda barazani na futi shingoni, akiwakosoa wapita njia kwa mikono ya mashati yao. Kilichomnyanyua kitandani ni Jumapili. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa ushirika alipopiga simu kusema kwamba ziwa likifunguliwa wanataka kumweka Muzee kwenye gati awe mpimaji wa wageni wote wanaovua kwa starehe, baba alivaa kanzu nyeupe siku ya Jumanne, bila sababu yoyote. Mama aligeuka ukutani akafuta machozi. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aliyekulia Karagwe, Tanzania, mwenye Kiswahili cha kunyooka. Wiki hiyohiyo alinifuata karakana kuagiza mbao za kupimia samaki, sita, za kutawanya kandokando ya ziwa. Alinichorea kwenye kipande cha boksi: ubao bapa, kizuio upande mmoja, mstari upande wa pili.

"Samaki alale ubavu," akasema. "Mdomo uguse kizuio, mkia ufike mstarini. Asipofika anarudi. Watu wengi hupitisha futi juu ya mwili, fundi, na huko ni kujidanganya. Samaki ana nundu. Unampa urefu asiokuwa nao."

Nilishika penseli nikaitazama. Nilimuuliza inaweza kuzidi kiasi gani. Akaonyesha upana wa vidole viwili.

Alipoondoka nilikaa juu ya rundo la mbao ngumu za libuyu nikahesabu Jumapili. Miaka yote ile. Si samaki wetu peke yao. Wa mwalimu, wa dereva, wa karani, wa kila mtu aliyekuja gotini kwa baba akaondoka na ruhusa. Wale wote waliopita kwa vidole viwili walikuwa watoto. Na mtu aliyelaani vyandarua barabara nzima mpaka Kigali alikuwa baba yangu, mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwajua.

Ningeweza kumwambia. Nilifika nyumbani mara tatu nikiwa nimeshapiga moyo konde, na mara tatu nilimkuta akimweleza jirani jinsi atakavyokaa pale gatini, nikapitiliza jikoni kwa mama. Nilijua pia kwamba nisipomwambia, ubao utamwambia, mbele ya watu wote, siku ileile ya heshima yake. Basi nikafanya nilichokifanya. Mbao tano nilizitengeneza sawasawa. Wa sita, ambao niliukusudia uwe wa baba, mstari niliuchora karibu zaidi na kizuio, kwa vidole viwili. Nikaupiga msasa vizuri kuliko nyingine, nikaupaka vanishi mara tatu. Nilijiambia ni wa mwaka mmoja tu, miwili labda. Mzee amekula chumvi nyingi, nikajiambia, ziwa halitakufa kwa ajili yake. Tayari nilikuwa nimesahau hesabu niliyoifanya juu ya mbao za libuyu.

Ziwa lilifunguliwa Jumapili yenye jua. Gati lilijaa, wavuvi, wageni wa kutoka mjini na fimbo zao mpya za kuvulia, mwenyekiti na wanakamati wake. Baba alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Nikamwekea ubao wake magotini, na akaupapasa, akausifia vanishi. Kisha, kabla sijageuka, akatoa futi shingoni na kuilaza juu ya ubao, kutoka kwenye kizuio mpaka mstarini. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Samaki ana mgongo, lakini ubao hauna. Juu ya ubao futi yake ilikuwa sahihi kama ya mtu yeyote.

"Mama," akaniita, kama baba zetu wanavyowaita binti zao. "Buretse, ngoja kidogo. Hii ubao iko fupi."

Nikasema nimekosea.

"Iko fupi sana. Wewe hukosei hivi."

"Nimekosea, Baba. Nitautengeneza upya."

Akawageukia watu, akawaambia binti yake ana kazi nyingi, wamsamehe, aletewe ubao mwingine. Alinitetea kwa uchangamfu, huku uso ukiniwaka. Mwenyekiti akaleta mmoja kati ya zile tano. Baba akaupima, akaridhika, akaomba mshipi wake. Alitaka samaki wa kwanza kupimwa awe wake, ili wageni waone.

Alimpata kabla ya nusu saa. Tilapia mzuri, mwenye kifua, wa aina tuliyoila utoto wangu wote. Kwa mazoea akampitishia futi mgongoni, akatangaza, "Ishirini na tano na nusu," na watu wawili wakapiga makofi. Kisha akamlaza ubaoni. Mkia ukabaki mbali na mstari, vidole viwili.

Akamsukuma mdomo uguse kizuio vizuri. Akaunyoosha mkia. Akampima tena mgongoni, ishirini na tano na nusu, akamrudisha ubaoni, akawa mfupi. Sijui alichukua muda gani. Samaki alikuwa anatapatapa mikononi mwake. Niliona macho ya baba yakitoka kwa samaki, yakaenda kwenye futi, yakaenda kwenye ule ubao mfupi niliokuwa nimeuegemeza kwenye mguu wa kiti. Vidole viwili na vidole viwili. Hapo ndipo aliponitazama.

Akainama akamrudisha samaki majini. Safari hii hakumwambia kitu. Kisha akasimama, kwa shida, akawaambia watu waliokuwepo kwamba yeye amepima vibaya siku zote, kwamba samaki wote aliowapitisha hapa wahesabiwe kuwa wafupi, na kwamba ushirika utafute mtu mwingine. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyarwanda, asije akabaki mtu ambaye hakusikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti hakumpa nafasi ya kuondoka. Alimshika mkono akamkalisha. "Mzee," akasema, "mimi mtu wa kusema hivyo mbele za watu ndiye ninayemtaka kwenye ubao huu." Baba akakaa. Kazi akaendelea nayo siku nzima, samaki kwa samaki, kwa ubao, na wafupi wote wakarudi.

Kwenye basi la kurudi tulikaa kiti kimoja. Mimi ndiye niliyeanza. Nikamwambia niliogopa aibu itamuua.

"Samaki, mimi nilikosea," akasema, akitazama dirishani. "Sikujua. Mungu iko anaona sikujua. Lakini ubao, wewe ulijua."

"Nilifanya kwa ajili yako, Baba."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Hakulitaja tena jambo hilo, si kwa mama, si kwangu. Tuliendelea kwenda pamoja, tukapanda basi lilelile, tukateremka njia ileile, ila sasa mimi nilitangulia nikimshika mkono. Alicheka na mimi, alinitania juu ya mikono ya shati langu, kichwa cha samaki akaniachia kama zamani siku zile chache tulizopata anayefika. Yeyote aliyetutazama angesema hakuna kilichobadilika. Alikaa kwenye kiti chake pale gatini misimu miwili, mpaka miguu ilipomkatalia, na watu walipanga mstari kumletea samaki wao, nami nikiwa katikati yao na wangu. Samaki wa wengine aliwapima mara moja. Wangu aliwapima mara mbili.