Maganda ya Papai na Beberu wa Baba Mkwe

Baba mkwe alipotutembelea Chang'ombe kutoka Chemba, alituletea beberu. Beberu huyo alikuwa mzee kiasi kwamba jirani aliyekuja kutuchinjia alimtazama meno, akauliza kama tuna hakika hatutaki kumfuga tu. Kipande nilichokionja jioni ile nilikitafuna mpaka taya zikauma, kisha nikakitoa kikiwa kizima.

Mume wangu ni mhasibu wizarani, kule Mtumba, lakini akirudi nyumbani huwa mwanasayansi wa simu. Alikuwa amesoma kwamba ganda la papai bichi lina utomvu wenye kimeng'enya kinachokatakata protini, ndiyo maana viwandani kinatumika kulainisha nyama. Nikamwambia mama yangu alikuwa akifunga nyama kwa majani ya mpapai bila kusoma popote. Akasema maganda yana nguvu zaidi, na kwa beberu yule muda wa ibada ungetosha. Basi Jumapili asubuhi tukamenya mapapai mabichi, tukaizika nyama iliyobaki ndani ya maganda, tukaenda kanisani.

Ibada yenyewe haikuchelewa. Kilichotuponza ni mnada wa mavuno. Baba mkwe alilipenda boga moja, na mama mmoja wa kwaya naye akalipenda, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Mume wangu akamnong'oneza baba yake kwamba sokoni maboga yamejaa. Mzee akamjibu kwamba yeye hatafuti boga, anatafuta heshima. Tulirudi alasiri, boga amelipakata.

Nikaondoa maganda, nikaosha nyama, nikabandika. Nilipofunua sufuria, nyama sikuiona. Mifupa ilikuwepo, myeupe, imelala ndani ya kitu kizito kama uji. Nikamwita mume wangu. Akachungulia, akakoroga kwa mwiko, akasema kwa furaha kabisa, "Kumbe kinafanya kazi kweli."

Nilitamani kulia. Mtu ametoka mbali na mnyama wake, halafu mkwewe anamwandalia uji wa beberu. Nikatia nyanya na karanga, nikasonga ugali, nikatenga chakula huku nimeinamisha macho.

Hapo niseme jambo ambalo kwetu halisemwi: baba mkwe hana meno ya kutosha. Miaka yote alikuwa akichovya mchuzi tu na kuwasogezea wajukuu nyama, akisema watoto ndio wanaokua. Nami nilimwamini. Siku hiyo alichovya tonge. Akachovya tena. Alipomaliza akasogeza sahani mbele yangu.

"Mama, hii ndiyo nyama ya beberu wangu?"

"Ndiyo, baba. Unisamehe, imevurugika."

"Haijavurugika. Niongezee."

Mume wangu akamweleza habari za kimeng'enya kwa kirefu, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa tu, maana mdomo ulikuwa na kazi. Wajukuu siku hiyo hawakusogezewa kitu.

Aliporudi Chemba, mama mkwe alinipigia simu. Aliuliza tumemfanya nini mzee wake, maana amemaliza mapapai ya uani yakiwa mabichi, na majirani wanadhani anatafuta dawa ya tumbo. Nikamweleza. Akacheka sana, kisha akashusha sauti, akauliza kama maganda hayo yanafaa na kwa kuku wa kienyeji. Nikamwambia yanafaa, ila ayatoe mapema.