Mwenye Eda Hakuandikwa Kwenye Daftari la Kimbunga

Niliondoka Mtama kwa hasira. Redio ilikuwa imesema kimbunga kinakuja upande wa Kilwa na watu wa visiwani wajiandae. Nikampigia simu mdogo wangu Somoe, aliyeolewa kisiwani, ambaye mumewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Nikamwambia, "Mkiambiwa hameni, hama." Akanijibu, "Kaka, mimi siambiwi. Niko eda." Kama vile kimbunga kitapiga hodi kwanza, kisikie kuna mwenye eda ndani, kiombe radhi, kigeuke.

Kisiwa chenyewe sikitaji jina. Wenyewe watajijua.

Asubuhi ya pili nikapanda gari. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini nimeezeka nyumba kutoka Mtama mpaka Nachingwea kwa mikono hii, na hakuna bati langu lililowahi kuruka. Hata wenye vyeti huniita mimi bati zao zikiruka. Nikatia kwenye kiroba waya, misumari, nyundo na koleo, basi. Wengine husafiri na nguo.

Nangurukuru niliteremka kula. Mama muuza wali akaniuliza ninakwenda wapi na chuma chote kile. Nikamwambia.

"Ee baba! Wenzio wanatoka kisiwani, wewe ndio unaingia?"

"Wanaotoka ni wenye ruhusa ya kutoka," nikasema. "Mimi namfuata asiye na ruhusa."

"Mkeo?"

"Ningekuwa na mke mkaidi hivyo ningemwacha hukohuko. Dada yangu."

Akacheka, akaniongezea mchuzi.

Kilwa Masoko nilifika adhuhuri. Bandarini nikapata boti ya mashine iliyokuwa ikipeleka huko unga na mafuta. Nahodha akaniambia wazi kwamba akinishusha harudi kunichukua mpaka bahari itulie. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia nina haraka. Tukaenda. Maji yalikuwa mazito, boti inapanda na kushuka, na mimi mtu wa korosho na mihogo nikatapika ule mchuzi wote wa nyongeza.

Kisiwani. Nyumba ya Somoe iko mstari wa mbele, ya mawe na udongo, na bahari ikijaa huja kulamba msingi wake. Nilimkuta chumbani amekaa na nguo zake nyeupe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndoo yako ya kuhamia iko wapi?"

"Ndoo gani?"

Hapo nikachemka. Njiani tu, kutoka pwani mpaka kwake, nilikuwa nimeona kila mlango una ndoo ya mfuniko: tochi, filimbi, vyeti ndani ya nailoni, tende, dawa, na dumu la maji ya kunywa pembeni, maana bahari ikiingia kisimani mtakunywa chumvi wiki nzima. Walifundishwa vizuri. Ngoma ikipigwa, wote wakimbilie shuleni, ambako ndiko juu. Na kila kundi la nyumba lina kijana wa kupita kuhakikisha hakuna aliyebaki. Kwa Somoe hapana ndoo wala kijana, na yeye ni mtu wa presha.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya maafa. Akanifungulia daftari. Akatafuta juu, akatafuta chini.

"Mzee, nyumba hii haimo."

"Haimo imekwenda wapi? Imezama?"

Akaanza kujikunakuna. Kumbe waliandikisha kwenye mkutano wa barazani. Kila baba alisimama akataja watu wake. Baba wa nyumba ile amelala makaburini, na mjane wake, kwa eda, hakuja mkutanoni. Basi hakuna aliyesimama. Na shemeji yangu Bakari, mdogo wa marehemu, alikuwepo, akataja mkewe na wanawe, akakaa chini.

Nikamfuata Bakari. "Kwa nini hukumtaja?"

"Shemeji, yule ana eda. Mwenye eda hatoki. Ningemtaja ili iweje?"

Nikamshika mkono mpaka kwa maalim wa madrasa. Maalim ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Eda si kamba ya mbuzi. Penye hatari anatoka. Hatari ikiisha anarudi." Basi. Hukumu ilikuwepo pale, hatua hamsini kutoka mlangoni kwa Bakari, na katika miezi miwili hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Jioni yote ile nilikuwa juu ya paa, nikifunga bati kwa waya mpaka kwenye boriti. Somoe akawa ananiita kutoka chini.

"Kaka, mimi shuleni siendi. Wataninanga. Watasema mume hajaoza, mjane keshatoka kutembea."

Nikashuka. Nikakaa kizingitini.

"Sasa unafanya nini, kaka?"

"Nimekaa. Mimi nduguyo, ninaruhusiwa kukaa na wewe. Tutangoja wote."

"Utakufa kwa ujeuri wako!"

"Tutazikwa pamoja, na wewe ndiye utakayemweleza mama huko."

Akanitazama sana. Kisha akaanza kutafuta dawa zake za presha.

Alfajiri ngoma ikapigwa. Nikampeleka mwenyewe, kajifunika, na wanawake wakamtundikia kanga tatu ziwe pazia kwenye kona ya darasa. Hakuna aliyemnanga. Walikuwa na watoto wao wa kuwashika.

Mchana kimbunga kikaja, na niseme kweli, kilikuja kimechoka. Kilibeba bati za watu, kikang'oa minazi, bahari ikaingia mpaka vizingitini mwa mstari wa mbele, kisha kikapita. Bati zangu hazikutikisika.

Siku iliyofuata jua likawaka kama halijui kilichotokea. Watu wakarudi makwao. Bakari akaja shuleni anatabasamu, nyuma yake wenzake.

"Haya shemeji. Umemtoa mwenye eda kwa upepo wa kuanikia nguo. Hatari imekwisha, maalim kasema mwenyewe, arudi ndani. Sasa hivi."

Nikaenda kwanza mwenyewe kuigonga nyumba, wao nyuma yangu. Ukuta mkavu ukiugonga unakujibu. Ule ukuta wa upande wa bahari ulininyamazia. Ulikuwa umekunywa maji tangu chini, na nyumba ya udongo haianguki kwenye mvua tu. Huanguka jua likitoka, udongo ukianza kuachia mawe.

"Harudi," nikasema.

"Mvua hakuna, upepo hakuna! Sasa unazuia eda ya watu kwa hoja gani?"

"Basi kalale wewe. Kitanda kile pale. Lala mpaka alasiri, ukitoka salama mimi mwenyewe namrudisha na ninakuomba radhi mbele ya hawa."

Wenzake wakamcheka, akaona aibu, akaingia. Haikupita hata muda wa kuvuta sigara moja. Tukasikia mchanga unamwagika, Bakari akatoka mbio, kichwa cheupe kwa chokaa, kiatu kimoja kimebaki ndani.

Kabla ya alasiri ukuta ukakaa chini. Haukuwa na kelele nyingi. Ulianguka kwa ndani, wote juu ya kitanda.

Bakari akajipangusa chokaa kichwani. Kisha akasema polepole, "Shemeji, atamalizia eda kwangu." Nikamjibu kwamba hiyo haikuwa zawadi, ilikuwa wajibu wake tangu siku ya mazishi. Sikumlainishia.

Mwenyekiti akaja na daftari kumwandika Somoe. Nikamwambia amwandike, kisha twende mlango kwa mlango, wala asimwulize mtu nyumba ina watu wangapi. Aulize ndani kuna nani. Tukaanza. Tukamkuta mzazi wa siku kumi na mbili, hajatimiza arobaini. Tukamkuta mwali aliyewekwa ndani. Tukamkuta mzee aliyepooza, ambaye siku ya ngoma mwanawe alimfungia mlango "asipate baridi". Wote hawamo daftarini. Kisiwa kizima kilijipongeza kwamba kimehama, na hao walikuwa wamelala nyuma ya milango.

Siku ya tatu boti ikaja. Nikarudi Kilwa Masoko, nikapita Nangurukuru bila kula, nikafika kwetu Mtama nimechoka.

Sasa ninyi wa huku msinichekee watu wa kisiwani. Bonde letu nalo hujaa maji, na mvua haziko mbali. Nitapita kwenu nyumba kwa nyumba na swali lilelile, ndani kuna nani, na asije mtu akanijibu, "Hakuna mtu, yupo mama tu."