Kisiwa cha Mgiriki na Fahali Asiyeguswa na Chuma

Mgiriki alifika Ugogo na homa, mkataba wa kujenga kipande cha tuta la reli, na kisiwa. Homa yake ilijulikana na kambi nzima. Mkataba ulijulikana na Wajerumani. Kisiwa tulikijua yeye na mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekaa kumsikiliza.

Nilikuwa nimeacha shule ya misheni pale Mvumi kabla sijajua vizuri hesabu za kugawanya. Sikufukuzwa. Nilichoka kuambiwa kwamba swali langu si la leo. Nikabeba mizigo hadi Tabora, nikachunga punda wa mfanyabiashara mmoja kule Kondoa, nikarudi Dodoma wakati mji wenyewe ulikuwa mahema, vumbi na mlio wa nyundo. Mgiriki alitaka mtu wa kumfasiria maneno kwa vibarua wa Kigogo waliokuwa wakibeba udongo upande wa Bahi. Nikawa ulimi wake.

Jua lilipofika utosini kazi ilisimama. Mgiriki alijinyoosha chini ya turubai, kofia kifuani, na badala ya kulala alisimulia. Kwao, alisema, kuna hadithi za kale sana kuhusu kisiwa cha wafalme matajiri kilichozama baharini. Watu wengi huziona ni ngano za kubembelezea watoto. Yeye hakukubali. Kulikuwa na jitu la shaba lililozunguka kisiwa likirushia merikebu mawe. Hapo, alisema, baharia aliona mlima unaotapika moto, akakimbia asiangalie mara ya pili. Kulikuwa na fahali aliyetoka baharini akaharibu mashamba. Hapo mkulima aliona wimbi likipanda nchi kavu likinguruma.

"Mvue mungu nguo zake," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "ndani utakuta mtu amesimama mahali, anatazama kitu. Muulize amesimama wapi."

Sikuwahi kusikia mtu mzima akiuliza maswali ya namna hiyo. Nilianza kuusubiri mchana kama wengine walivyosubiri posho.

Bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Kila aliposema kisiwa, nilikiona kilima cha mawe katika mbuga ya Bahi mwaka wa mvua kubwa, maji pande zote, na ng'ombe wamebanana juu yake. Sikumwambia, nisije nikamharibia hadithi. Mpishi wetu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa akitusikia akiwa kwenye masufuria yake, naye hakunihurumia.

"Kaka, umezaliwa nchi ambayo hata chura anaomba maji," alisema. "Leo unatafuta kilichozama?"

Kisha homa ikamrudia Mgiriki kwa nguvu, na daktari wa boma la Kilimatinde akamwambia kwamba masika mengine ya huku yatamzika. Ilimpasa kurudi kwao. Ndipo aliponieleza jambo lililokuwa likimnyima raha. Alikuwa amejiwekea akiba ya kuchimba kiangazi kimoja, mahali pamoja, basi. Baada ya hapo mkewe angemfunga kwenye shamba la mizeituni mpaka kufa kwake. Na visiwa vilivyofanana na hadithi vilikuwa viwili. Kimoja kikubwa, chenye mito na misitu, ambako shemeji yake alijuana na wakuu. Cha pili kidogo, kipara, cha mawe yaliyoungua, ambacho hata mbuzi walikionea aibu. Mhandisi Mjerumani angeshuka pwani Jumamosi, na ndiye angempelekea shemeji neno la kuomba ruhusa ya kuchimba. Akichagua vibaya, maisha yake yote ya kufikiri yataishia kwenye shimo tupu.

Moyo wake ulikuwa kwenye kile kikubwa. Hadithi zilitaja mifereji, chemchemi, majani hadi magotini. Pangekuwa wapi pengine?

Mchana ule alinisimulia kipande ambacho hakuwahi kukitaja, akikitaja sasa kwa kupitia tu. Wafalme wa kisiwa walipokutana kula kiapo, walimwachia fahali mahali patakatifu, kisha wakamkamata kwa fimbo na kamba, bila chuma. Yeye aliona ulikuwa mchezo wa kuonyesha ushujaa.

Niliketi wima. Nikamwomba arudie, na aliporudia nikamwambia kwamba huo si mchezo. Kwetu unafanyika.

Sisemi Wagogo wote. Nasema ukoo wetu. Mvua ikichelewa, mjomba wangu aliyekuwa na mawe ya mvua alitafuta fahali mweusi asiye na doa. Fahali yule haguswi na kisu wala mkuki. Hukamatwa kwa mikono na kamba za magome, akazibwa pumzi mpaka atulie. Na mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa.

Nilikwenda kwa mjomba, nikamwamkia mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, nikaomba Mgiriki aruhusiwe kutazama kwa mbali. Nilitegemea kufukuzwa. Mjomba alifikiri kidogo, akasema mgeni aje, ila asije na chuma.

Hapo ndipo tulipojua Mgiriki amejaa chuma. Alivua saa na mnyororo wake, kisu, kalamu. Mjomba akamzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, akaonyesha mkanda. Kifungo chake cha chuma kikatoka pamoja na mkanda, na suruali ikafungwa kwa kamba ya gome. Akaonyesha viatu. Soli zilikuwa na misumari. Mgiriki akavivua akabaki na nyayo nyeupe kama unga, juu ya ardhi ya miiba ya Ugogo.

"Bado kichwani," mjomba aliniambia. "Muulize kama meno yake ni ya kwake."

Nilifasiri. Mgiriki alifungua kinywa wazi, mjomba akachungulia, na wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Kisha wakanyamaza, kwa sababu fahali alikuwa analetwa.

Sitaandika yote yaliyofanyika. Mengine si yangu kuyaandika. Nitasema tu kwamba fahali aliachiwa ndani ya boma la miiba, vijana wakaingia na fimbo na kamba, na hakuna aliyepiga kelele. Mgiriki alisimama nje ameshika suruali yake kwa mkono mmoja. Alikuwa analia, na hakujificha.

Tulirudi kambini polepole, maana alichechemea. Akasema sasa anaamini kwamba fahali wa hadithi alikuwa fahali wa kweli. Nikamwambia hiyo ni nusu tu. Mwenyewe alinifundisha kuuliza mtu amesimama wapi.

"Bwana, watu wenye mto hawafanyi hivi," nilisema. "Mwenye mto anachota, analala. Anayemtoa fahali namna hii ni mtu anayetazama mbingu kwa hofu. Kisiwa chako kilikuwa kikavu."

Alisimama katikati ya njia. Alinipinga, tena kwa hasira: na mifereji je? Na chemchemi? Na majani hadi magotini? Hadithi nzima inatiririka maji.

Nilikuwa na jibu, na lilikuja lenyewe, kwa sababu nilikua nikilisikia kila jioni nyumbani. Wazee wetu wakisimulia nchi tuliyotoka zamani, huijaza mito. Ng'ombe wanakunywa wamesimama. Nyasi zinawaficha ndama.

"Mwenye kiu ndiye anayesimulia maji," nilimwambia. "Aliyeshiba hasimulii ugali."

Akaendelea kuchechemea mpaka tulipofika kwenye turubai. Mpishi alipoona nyayo zile aliuliza kama tumeuza viatu vyake. Mgiriki alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye hema la mhandisi, peku, na kamba ya gome kiunoni, akampa neno la kupeleka: kile kidogo.

Sasa ikawa zamu yangu kukosa usingizi. Kijana aliyeshindwa kugawanya alikuwa amemgeuza mtu mzima na akiba yake yote kuelekea kwenye jabali la mbuzi. Aliondoka kabla ya mvua. Mvua yetu ilinyesha, na mjomba akatembea kifua mbele. Yangu ilibaki mawinguni.

Niliendelea kutangatanga. Nilifanya kazi ya kupakia mataruma ya reli, kisha ya kuchota maji ya injini, na reli ikasonga mbele kwenda Tabora. Kiangazi kimoja nilikuwa stesheni ya Dodoma wakati gari moshi lilipoingia, akashuka mtu mnene, mwekundu, mwenye afya. Nilimtambua alipoanza kuongea Kiswahili kile kile cha kuokoteza, akimuuliza kila mtu habari zangu. Mkewe alikuwa amempa ruhusa ya safari moja, alisema, baada ya kushindwa kumnyamazisha.

Hakusalimia. Alianza na matangi. Kwa muda mrefu walichimba majivu matupu na wachimbaji wakaanza kumsengenya. Kisha ardhi ikabomoka chini ya mmoja wao, akatumbukia ndani ya shimo lililochongwa kwenye mwamba na kupigwa lipu vizuri. Tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Wakalifuata, wakakuta nyumba. Kila nyumba na tangi lake. Mji mzima wa watu waliokuwa wakikinga kila tone, umelala chini ya majivu.

"Mto hakuna," alisema. "Hata kijito. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikakuita kwa jina, nao wakadhani homa imerudi."

Akatoa picha. Ukutani palichorwa fahali, kamba pembeni mwa pembe, na wanaume wawili wamemwendea na fimbo. Niliitazama mikono yao mpaka macho yakaniuma. Chuma hakikuwamo.

Mhandisi mmoja aliyekuwa akisubiri gari hilo hilo liondoke alichungulia, akasema kwa adabu kwamba huo ni mji, lakini nani ajuaye kama ndio kisiwa cha hadithi. Mgiriki alimkubalia kwa furaha kabisa. Akamwambia, wapo watakaobishana miaka mia, nao pia watakuwa wamesimama juu ya kuta zetu. Alisema zetu. Alisema kwa Kiswahili, nisipitwe.

Mpishi, ambaye siku hizo alikuwa na mgahawa karibu na stesheni, alifuta mikono akaiomba picha. Aliigeuza kuelekea kwenye mwanga, akamchunguza fahali kwa jicho la mtu wa nyama.

"Amenona huyu," alisema. "Mvua waliipata."

Akatuchinjia mbuzi. Tulikula mpaka kengele ya gari moshi ikalia, nami, nisiye na sababu ya kubaki wala ya kuondoka, nikapanda behewa la nyuma kwenda Tabora pamoja na Mgiriki, aliyetaka kuona reli ilikofika, nikisimulia njia nzima kwa yeyote aliyekaa karibu yangu jinsi nilivyokipata kisiwa.