Nafasi ya Mtoto Kando ya Mbabula

Kazi yangu ni kukusanya na kuainisha taarifa za majeraha ya watoto wa Lubumbashi, ili tujue namna ya kuyazuia. Mtoto akiungua, mimi humwomba mama yake apange vyombo kama vilivyokuwa siku ile.

Huko mtaani Katuba, mama mmoja alinipangia ua wake: mbabula, jiko lake la mkaa, isiyo na makaa, sufuria tupu juu yake, kigoda kando. Mwanawe, aliyeungua kabla hajajua kusema, alikuwa akicheza mlangoni. Aliacha mchezo, akaja polepole, akasimama kati ya kigoda na ukuta, akainua mkono wenye makovu hadi ukingoni mwa sufuria. Akatulia hivyo, akinitazama.

"Papa, sikumwambia kitu," mama alininong'oneza. "Njo fasi yake ya siku ile."

Sote tulikuwa tumedhani sufuria ilipinduka yenyewe.

"Mutoshe pale, mama," nikasema, nikimwashiria amwondoe mtoto.

"Umutoshe weye. Miye naogopa."

Nilimbeba. Mkono wake ulibaki umenyooka hewani, na haukushuka mpaka mama alipoiinua mbabula na kuipandisha juu ya matofali, mahali ambapo mtoto hangeweza kuifikia.