Ananitaka Nimchape Mtoto kwa Jina Lililoungua

Ukurasa huu umelificha jina la dada huyu na la shule yake, kama alivyotuomba. Maneno ni yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, salaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane, Mmwera wa Milola. Kuandika alinifundisha marehemu mume wangu. Nafanya kazi ya upishi katika shule ya bweni ya wavulana, mwendo mfupi kutoka Lindi mjini. Naitwa mpishi, lakini wale wadogo nani anawaosha vidonda? Nani anawatoa funza, nani anawafunika wakishikwa na homa? Ni mimi. Wote wananiita mama, na mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo msinicheke nikisema ni wanangu. Hasira zangu ziko karibu, hilo nalo sikatai.

Kuna mtoto mmoja, Mfaume, wa darasa la nne. Katoka kijijini kwetu, na hakuna mwingine wa kwetu aliyefika darasa hilo. Likizo iliyopita alipelekwa jandoni. Sisi kwetu, siku vijana wanapotoka, kile kibanda cha jando huchomwa moto, na jina la utoto linaungua humo humo. Mtoto anatoka na jina jipya. Ukimwita lile la zamani umemtukana yeye na ukoo wake; hata mama yake mzazi akiteleza ulimi hutozwa kuku. Na yeye akiitikia, kajirudisha utotoni, wenzake wa jando hawali naye tena. Ndiyo maana hata hapa silitaji.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa bara, haya hayajui. Shule ilipofunguliwa akasimama mlingotini akaita majina. Akaita lile jina. Kimya. Akaita tena. Mtoto anamtazama tu, mikono nyuma.

"Wewe kiziwi?"

"Hapana, bwana mwalimu. Naitwa Mfaume."

Nikaacha chungu changu nikaenda kumweleza kwa adabu, shikamoo mbele. Akanijibu, "Mama mpishi, majina ya mtihani yamekwisha kwenda Lindi. Serikali haiwezi kungoja ngoma zenu za porini." Akaongeza ati mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Basi vijana wa darasa la juu wakaamrishwa wamlaze Mfaume juu ya meza, wengine mikono, wengine miguu, na bwana mkubwa akavua koti. Kila fimbo aliita lile jina. Mtoto hakuitikia, wala hakulia, maana jandoni hufundishwa kutolia. Hilo ndilo lililomtia yule bwana wazimu. Alipiga mpaka bakora ikapasuka, akaagiza nyingine. Jioni kaptura ya mtoto ilikuwa imegandana na nyama. Niliibandua polepole kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, naye kauma mkeka wangu.

Kesho yake vile vile, juu ya vidonda vya jana. Siku ya tatu nikasikia fimbo nami nasonga ugali. Kutoka jikoni sikumbuki. Nakumbuka mwiko, ule mkubwa wa kusongea ugali wa shule nzima. Pigo la kwanza nilimpiga kwenye mkono wenye bakora, nikasikia mfupa, ka! La pili likampata kichwani. Akaanguka chini, shati lake jeupe limelowa damu. Wallahi nilifurahi. Nilifurahi mno, siwafichi.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Watoto walipoona damu walipiga yowe, wakaokota mawe. Hata wale wadogo ninaowapangusa kamasi! Wakamvurumishia mtu aliyelala chini, jiwe likampasua sikio, na nyuso zao, jamani, sikuzijua. Ikabidi nimlalie yule yule niliyemvunja, mawe yananishukia mgongoni, napiga kelele, "Niueni mimi kwanza!" Mfaume ndiye aliyekuja kuwatawanya, anachechemea, damu zinamtiririka miguuni.

Kwa kuwa nilimkinga, bwana mkubwa hakunipeleka polisi. Lakini ametoa hukumu yake mwenyewe, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Shule sasa imefungwa kwa mfungo. Ikifunguliwa baada ya Idi, nimchape Mfaume mbele ya wote, kwa mkono wangu, niite lile jina kila fimbo mpaka aitikie. Nikikataa, mtoto anafukuzwa kabla ya mtihani, na mimi nashitakiwa.

"Wewe uliwafundisha kunipiga," aliniambia. "Sasa wafundishe kutii."

Ananiogopa, namwona. Sufuria ikianguka jikoni anashtuka. Lakini neno lake halirudishi.

Juzi Mfaume kateremka kutoka Milola na kikapu cha mihogo, mama yake kaniletea ya futari. Nikamweleza yote. Nikamwambia nitakataa, na liwalo na liwe, hata wakinifunga. Akachora chini kwa kidole cha mguu.

"Usikatae, mama. Nataka kufanya mtihani. Nipige tu, fimbo naziweza."

"Na jina je?"

Hapo ndipo nilipoona machozi yake kwa mara ya kwanza, yule ambaye bakora hazikumliza.

"Jina usiniite, mama. Yeye aniite mpaka achoke, sitamwitikia. Lakini ukiniita wewe nitaitika. Siwezi kukunyamazia wewe. Na nikiitika, nyumbani sirudi tena."

Akafuturu, akalala kwenye mkeka ule ule wenye alama za meno yake.

Mfungo unakaribia kwisha. Nyinyi wenye watoto, na nyinyi mliopita jandoni, nipeni shauri upesi. Nishaurini, nifanye nini na mkono huu, na nifanye nini na ulimi huu?