Barua Aliyoiamuru Mama Nasike

Wepukhulu alitoka Kimilili mwaka wa 1931 bila kumuaga mtu. Shamba la baba lilikuwa limegawiwa kaka zake wanne, na kipande alichobakiziwa yeye, kitinda mimba, kilikuwa mawe matupu. Asubuhi moja alikunja shati lake la pili, akalitia mfukoni, akashika njia ya Eldoret, mji ambao watu bado waliuita Sisibo.

Alipata kazi kwa Bwana Dolan, fundi wa matandiko ya farasi, mtu wa nywele nyekundu na mdomo usiopumzika. Miaka mitano walishona hatamu benchi moja, mmoja akiitwa bwana na mwingine boi, ingawa mishono iliyodumu ilikuwa ya boi.

Siku moja Kipkemboi, mtunza farasi wa shamba jirani, alisimama mlangoni. "Mwingereza wako yuko?"

Dolan alitokeza, sindano ya ngozi mkononi. "Mimi si Mwingereza. Mimi mtu ya Ireland."

"Kwa macho yangu nyinyi ni wamoja," Kipkemboi alisema, akichekea chini chini.

"Na wewe ni Mbukusu kama huyu?"

"Mimi Mnandi," Kipkemboi akajibu upesi, kicheko kimekatika.

"Basi."

Kipkemboi alipoondoka, Wepukhulu aliuliza jambo lililomkaa moyoni siku nyingi: mtu mwenye kwao anafikaje mbali hivi?

"Sisi ndugu saba, shamba moja dogo," Dolan alisema. "Mkubwa alirithi. Wengine walienda Amerika, mimi nikaja huku. Kabla niondoke, mama aliita majirani, wakanifanyia matanga. Kwetu, mtu akienda mbali hivyo ni kama amekufa."

"Na wewe ulikuwapo?"

"Nilikula, nikacheza dansi. Matanga mazuri sana."

Wepukhulu alicheka mpaka akajidunga kidole. Kisha kicheko kikamwishia. Yeye hata matanga hakufanyiwa, na Kimilili ni mwendo wa siku mbili tu. Jumamosi aliomba ruhusa, akaandikiwa cheti cha njiani.

Alimkuta mama yake, Nasike, akipalilia wimbi. Mama hakumkumbatia. Alimtazama toka kichwani hadi vidoleni, akasema, "Jembe lingine liko pale." Walipalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaketi chini akalia, kisha akaenda kuchinja kuku.

Wakila, Wepukhulu alimsimulia yale matanga ya Dolan. Nasike aliacha kutafuna. "Na huyo mama yake yu hai?"

"Hajasema."

"Nitamuuliza mwenyewe."

Hakuna aliyeweza kumzuia. Walirudi pamoja, na Nasike akaingia dukani na mkungu wa ndizi kichwani, akaketi kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho Mwafrika hakuwahi kukikalia. Wepukhulu akawa mkalimani, jasho likimtoka.

"Anauliza kama mama yako yu hai, Bwana."

"Sijui."

"Anauliza mtu hukosaje kujua."

Dolan aliinamia ngozi yake. "Miaka kumi na minne sijaandika. Nilitaka nifanikiwe kwanza."

Wepukhulu alitafsiri macho yakiwa chini, maana hayo ndiyo maneno aliyokuwa amempa mama yake kule kwenye wimbi, alipoulizwa kuhusu miaka yake mitano ya kupotea.

"Mwambie aandike kwamba anakula ndizi," Nasike alisema. "Hilo linatosha." Hakunyanyuka kitini mpaka bahasha ikafungwa.

Jibu lilifika baada ya miezi minne, limeandikwa na dada yake Dolan. Mama alikuwa hai, macho yamefifia, na alitaka jina la mwanamke wa ndizi ili amtaje katika sala zake. Dolan alimsomea Wepukhulu mara mbili, kisha akaenda nyuma ya duka akapiga chafya kwa muda mrefu kuliko kawaida ya chafya.

Hakuna kati yao aliyerudi kuishi kwao. Wepukhulu alienda Kimilili kila mavuno, na trekta zilipowafukuza farasi, akahamia Soy kushona viatu na mifuko ya shule. Huko alimwoa Nasambu, muuza maziwa, ambaye naye alikuwa ametoka kwao kwa sababu zake, na hakuzisema mpaka walipopata mtoto wa tatu.