Chaki Nyekundu Mgongoni mwa Bihogo

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati hapa Bwera kupimwa presha. Muuguzi, msichana mwenye vidole vyembamba, alinawa kwa kipande cha sabuni nyekundu ya dawa, ile yenye harufu kali inayopanda mpaka nyuma ya macho. Nikacheka peke yangu.

"Nyanya, kuna nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwelezaje kwamba harufu hiyo, kwangu mimi, ni harufu ya mkono wa mtu uliotoka ndani ya ng'ombe? Ninyi mnaonisoma mna nafasi kuliko yeye, basi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, na miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha. Baba yangu alikuwa katekista, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mama alisema, "Katekista, njoo ule." Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu. Baba alimnunua kwa wafugaji wa Muhokya akaja naye kwa miguu, siku mbili njiani, na jina alikuja nalo: Bihogo, kama wafugaji wale wanavyowaita ng'ombe wenye rangi nyekundu iliyoiva. Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Nilimkatia matete, nilimpa maganda ya ndizi, na nilimwambia mambo ambayo sikumwambia mtu yeyote nyumbani.

Mwaka ule maziwa yake yalikauka, na mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Bihogo alikuwa amepelekwa kwa dume la jirani mmoja wa Karambi, lakini hakuna aliyejua kama ameshika mimba. Baba alisema neno moja na hakulirudia. "Kama ana ndama, tutasubiri. Kama hana, Papa Kambale atamchukua."

Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kila siku ya soko kununua ng'ombe wa kuchinja. Alikuwa Mkristo mwema. Kanisani aliimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima. Ila fimbo yake niliichukia.

Katika Kwaresima ile ndipo walipokuja wanafunzi wawili wa udaktari wa mifugo. Walishuka garimoshi pale Kasese, wakapanda lori lililobeba chumvi, wakafika kwetu weupe kama wapakwa majivu. Walikuwa wamebakiza kazi moja tu kabla ya kuhitimu: kila mmoja apime mimba za ng'ombe arobaini kwa mkono wake mwenyewe na kuandika alichokuta katika daftari. Mwalimu wao angekuja baadaye kulikagua. Baba aliwapa chumba cha darasa la dini walale humo.

Mmoja aliitwa Mukasa, Mganda mfupi mwenye maneno mengi. Mwenzake, Okello, alitoka kaskazini, mrefu mpaka aliinama kupita mlangoni. Hakujua neno la Kikonzo, lugha yetu, isipokuwa *wasingya*, yaani asante, nalo alilitumia kwa kila jambo, hata alipogongwa kichwa na boriti. Sisi na yeye tulikutana katika Kiswahili chetu cha kuungaunga.

Nilipenda kuwatazama. Asubuhi walichemsha sindano katika sufuria ileile ambayo mchana walipikia maharage, na mama alipogundua alikaa siku mbili bila kuwasalimu. Walisoma kwa sauti wakipokezana majina ya mifupa, mmoja akiwa amefumba macho, kama sisi tulivyokariri amri za Mungu. Siku baba alipowakaribisha matumbo na ugali wa muhogo, Mukasa aliinua kipande kwenye mwanga.

"Hili ni tumbo la tatu. Ona kurasa zake."

"Kula, bwana," Okello akasema. "Mtihani haujafika kwenye sahani."

Walikuwa na jozi moja ya gambuti, na tai moja ya buluu waliyoinunua kwa kuchangiana, iliyofungwa ndani ya gazeti. Siku ya kuhitimu wangeivaa kwa zamu mbele ya mpiga picha, Mukasa kwanza, halafu Okello. Nilipoomba kuigusa, Okello alinitazama mikono yangu, akanipa sabuni ile nyekundu ninawe kwanza.

Chaki zao za kuwekea ng'ombe alama zilikwisha wakiwa Kinyamaseke, basi wakamwomba baba chaki za darasani. Aliwapa buluu na nyekundu. Kazi ilikwenda hivi: ng'ombe aliingizwa katika njia nyembamba ya magogo, Okello akavua shati, akapaka mkono wa kushoto sabuni mpaka begani, akauingiza kwa nyuma taratibu huku akitazama mawinguni kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akishautoa, alimchora ng'ombe mgongoni kwa mkono mkavu, na Mukasa akaandika daftarini hapohapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chuo chao: mmoja apime, mwenzake aandike, kabla ng'ombe hajaondoka.

Lakini siku ya zamu yetu Mukasa aliamka na malaria. Okello alifanya kazi peke yake, na kwa mkono mmoja tu ulio mkavu hakuweza kushika daftari na kalamu pamoja. Akaamua kuchora tu, halafu akimaliza aoge, apite akisoma migongo na kuandika.

Baba alinituma nimpeleke Bihogo. Nilifika nikamkuta ng'ombe wa jirani yetu ndani ya magogo, macho yamemtoka, analia, na mkono wa Okello umezama ndani yake wote. Nikageuka. Nilimvuta Bihogo mpaka nyuma ya jiko la kanisa nikasimama naye. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa rahisi: asiyepimwa hakuna wa kusema kwamba hana kitu, na hakuna wa kumwumiza. Ila nilijua pia kwamba asiye na alama ataitwa. Mfukoni mwa gauni langu kulikuwa na kipande cha chaki niliyookota darasani. Sikujua maana ya rangi. Nilidhani alama ni alama tu, ya kuonyesha kwamba ng'ombe amepita. Nikamchora mstari mgongoni kama nilivyoona wakichora, nikamchanganya na waliokwisha kupimwa.

Chaki yangu ilikuwa nyekundu.

Jioni Okello alisimama uani mwa kanisa akawasomea wenye ng'ombe daftari lake. Alipofika kwetu akasema, "Ng'ombe wa Katekista. Hana mimba."

Baba aliitikia kwa kichwa tu. Mama aliingia ndani. Mimi nilibaki nimeduwaa, maana niliamini wale ni watu wasomi, nikadhani macho yao yaliona kupitia ngozi. Nililia kwa ajili ya Bihogo, lakini nililia kama mtu anayekubali.

Siku ya pili yake Papa Kambale alikuja kumtazama kabla ya siku ya soko. Alimzunguka, akamgonga ubavu kwa ile fimbo.

"Papa Katekista, hii ngombe iko na mafuta. Nitakuya kuibeba siku ya soko."

Nilimwuliza, kwa adabu niliyoweza, kwa nini asichukue ng'ombe wa jirani aliye mnene zaidi.

Akacheka. "Ah, mutoto! Ile iko na bleu, bleu iko na mimba. Mie nabeba ile ya rouge tu. Docteur hasemi na mudomo, anasema na craie. Mie naangalia mugongo, sipotezi wakati."

Nilisimama nikitazama mgongo wa Bihogo. Mstari wangu mwekundu wa chaki, ile rouge yake, ulikuwa bado upo, umepinda kidogo, mkono wa mtoto. Docteur hakuwa amesema kitu. Niliyesema nilikuwa mimi.

Wiki ile baba alikuwa anatuandaa watoto kwa kitubio cha kwanza. Alitufundisha kuchunguza dhamiri polepole, kuingia ndani bila haraka, kutosema dhambi tusizozijua na kutoficha tunazozijua. Nilikuwa nimetayarisha orodha nzuri: sukari, kumpiga kaka, kusinzia katika rozari. Sasa orodha ile yote ilionekana kama mchezo.

Nilimkuta Okello darasani akinakili daftari lake kwa mwandiko safi, maana mwalimu wao alitarajiwa kesho. Mukasa alikuwa amejifunika blanketi kwenye mkeka. Nilisema yote nimesimama mlangoni, bila kupumua.

Okello aliweka kalamu chini. Alifungua ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari wa ng'ombe wetu, akakiacha hapo.

"Ulimchora wewe," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nikaandika."

Mukasa aliinua kichwa. "Ndugu yangu, usijitafutie matatizo. Nenda ukampime sasa hivi. Akiwa na mimba, futa mstari mmoja, andika mwingine. Arobaini kwa arobaini. Nani atajua?"

"Huyu mtoto atajua."

"Sitasema!" nikasema haraka, nikidhani namsaidia.

Okello hakukasirika. "Wewe umetoka nyumbani kuja kuniambia," akasema. "Sasa nikufundishe kunyamaza?"

Mukasa akajifunika blanketi mpaka kichwani. Kutoka ndani yake tukasikia, "Utarudishwa chuoni kama debe tupu, Okello. Na tai tumeshainunua."

Mwalimu wao alifika kesho yake, mtu mwembamba mwenye miwani, akiwa amekaa mbele ya Landirova kana kwamba hakugusa kiti. Wenye ng'ombe walikuwa wamekusanyika. Papa Kambale alikuwepo pia na fimbo yake. Mwalimu alifungua daftari, akaanza kusifu mwandiko.

"Mwalimu, samahani," Okello akasema. "Kuna ng'ombe humo sikumgusa. Niliandika nikifuata chaki."

Mwalimu alivua miwani. "Chaki ya nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba.

"Chaki zilikuwa zangu," Okello akasema. "Kazi ya kuangalia ilikuwa yangu."

"Kama mmoja hukumgusa, mimi nitajuaje umewagusa wangapi?"

"Hutajua, mwalimu. Naomba nirudie wote."

Basi wakarudia wote, siku ile na siku iliyofuata, mwalimu amesimama kando na Mukasa akiandika huku anatetemeka kwa homa. Watu wa Karambi walinung'unika kwa kuletwa mara ya pili. Mzee mmoja alipaza sauti, "Afande ya ng'ombe! Hii mkono yako haichoki? Ama unatafuta kitu ulisahau mule ndani?" Watu wakacheka, na Okello naye akacheka, shavu lake limebanwa kwenye mkia wa ng'ombe.

Lakini wa kwanza kuingia katika magogo alikuwa Bihogo. Safari hii nilimshika kamba mwenyewe. Okello alijipaka sabuni, akaingiza mkono, akatazama mawinguni. Bihogo hakulia hata kidogo. Aliendelea kutafuna, akinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye matatizo. Nikaona uso wa Okello ukibadilika polepole, kama mtu aliyesikia hodi.

"Yupo," akasema. "Miezi mitano, labda zaidi."

Mwalimu naye akavua koti, akapima, akasema, "Yupo."

Papa Kambale alipiga fimbo yake chini. "Bon. Basi Mungu amemukatala. Mie nitakula kuku." Akamfuta Bihogo chaki ile nyekundu kwa kiganja chake mwenyewe, na tangu siku hiyo sikuichukia tena fimbo yake.

Okello alinawa, akaniita upande wa kulia wa ng'ombe. Akakunja mkono wangu ngumi, akausukuma chini ya ubavu mara moja, akauacha pale. "Ngoja," akasema. Nikangoja. Halafu kitu kigumu kidogo, kutoka upande wa pili wa ngozi, kikarudi kikanigonga.

Ndama alizaliwa mvua zilipokwisha, jike. Mdogo wangu alikua kwa maziwa yale, na leo ni babu wa watu. Nami nilikuwa nimefanya kitubio changu Jumapili ya wiki ile ya chaki, na padri hakukuta la kumshangaza, kwani zito nilikuwa nimeshalisema mlangoni mwa darasa.

Kwa miaka mingi nilihesabu kisa hiki kuwa chenye mwisho mwema, nikamshukuru Mungu, nikapita. Mtoto huona ng'ombe wake tu. Kisha nikiwa nimeolewa, katika miaka ya sabini, nilikutana na Mukasa kwenye josho moja karibu na Kasese. Alikuwa afisa wa mifugo mwenye kitambi, maneno yakiwa yaleyale. Nilimwuliza habari za Okello.

"Hakuhitimu nasi," akasema. "Daftari lilikataliwa. Mwalimu alisema kurudia ni kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili ya mtihani; sheria ni sheria. Alikaa mwaka mzima mwingine. Picha ile nilipiga peke yangu na tai."

"Hakueleza kwamba ni mimi?"

"Wewe?" Akanitazama, akakumbuka, akatikisa kichwa. "Nilimshika, nikamwambia, taja yule mtoto, watakuhurumia. Akaniambia, 'Yeye alishasema la kwake.'"

Nilimwuliza Okello yuko wapi sasa. Mukasa alitazama kwanza barabarani, kama tulivyozoea wote katika miaka ile, watu wa kaskazini walipokuwa wakitoweka, akasema hajui. Alihitimu, hilo alilijua. Na tai ile Mukasa alimtumia.

Sikupata kumwona tena. Kila Kwaresima nimefundisha watoto kitubio, mahali pa baba yangu, na nimewafundisha maneno yaleyale: ingia ndani bila haraka. Na katika kila Misa, padri anapotuachia kimya cha kuwaombea wale tunaowakumbuka, namtaja Okello kwa jina, kwa kuwa yeye hakunitaja. Namwombea popote alipo, hai au amelala. Nikimaliza nasema neno lake lile moja la Kikonzo, kwa sauti ndogo, na walioketi karibu nami wanadhani namshukuru Mungu. Nao hawakosei.